Tabibu meno, daktari wa meno, fundi wa maabara au kusomea nje: kwa kijana wa Kigoma ambaye hajaamua

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mlango wa chumba chetu cha meno hapa Kigoma huanza kugongwa na watu ambao meno hayawaumi. Anaingia mzazi na kijana wake, simu imefunguliwa kwenye matokeo, na swali linakuwa lile lile: huyu anataka mambo ya meno, tumpeleke wapi? Safari hii alikuja mama anayeuza mawese soko la Mwanga, na binti yake ambaye alikuwa ameangalia video za Marekani za wadada waliovaa sare za rangi, wanasafisha meno ya watu kutwa nzima. Binti akasema, "Shikamoo daktari. Mimi nataka ile ya kusafisha tu. Kung'oa sitaki."

Mimi ni tabibu meno. Watu wananiita daktari kwa mazoea, na nitaeleza tofauti hapa chini kwa sababu ina uzito kwa anayechagua chuo.

Kwanza hilo la kusafisha tu. Tanzania Bara hatuna kada inayojitegemea ya mtu wa kusafisha meno. Kukwangua ugaga, yaani uchafu uliogandia kwenye meno, kupaka floraidi, kuziba mifereji ya magego ya watoto kabla hayajaoza, kufundisha watu kupiga mswaki, yote hayo yamo ndani ya kazi ya tabibu meno na daktari wa meno. Kada ya peke yake ilizaliwa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani: daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno mwaka 1906, kisha mwaka 1913 akafungua darasa la kwanza, na wahitimu wakaingia shule za msingi za mji huo kuhudumia watoto. Nalipenda wazo hilo kuliko kitu kingine chochote katika fani yetu: kumkuta mtu kabla jino halijaharibika. Hapa kwetu wengi tunawakuta shavu limeshavimba.

Kwa hiyo mwenye moyo wa usafi wa kinywa ana njia nne mbele yake. Nitazipima zote kwa vitu vile vile: mlango wa kuingilia, muda na mfuko, siku ya kazi ilivyo, ajira na kupanda, na mtu anayefaa. Nimeacha heshima ya cheo nje ya vipimo. Nimeona familia nyingi zikianza na hicho, na mtoto akakwama mwaka wa pili.

TABIBU MENO

Mlango. Ni stashahada, unaingia na kidato cha nne. Unatakiwa uwe umefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, na kemia, biolojia na fizikia ziwemo. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nguvu, na usivipuuze: utaona baadaye vinavyoweza kukufungia mlango mwingine. Maombi ya vyuo vya afya yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Vyuo vya serikali vinavyojulikana kwa kozi hii ni vya Mbeya na Tanga, na vipo vya binafsi. Kutoka Kigoma, Mbeya ni basi la Uvinza, Mpanda, Sumbawanga hadi Tunduma. Tanga ni kuivuka nchi nzima, magharibi mpaka mashariki.

Kabla hujalipa senti, tafuta jina la chuo na la kozi yenyewe kwenye orodha ya NACTVET. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini kozi ya meno isiwe na kibali. Binamu yangu alilipa ada ya mwaka mzima kwa chuo kimoja kupitia dalali, akasoma miezi saba, ndipo akagundua kwamba kozi yake haikuwa na usajili. Hela haikurudi. Mwaka wake haukurudi pia, na mpaka leo nikilikumbuka roho inaniuma, kwa sababu kuangalia ile orodha kungemchukua dakika kumi.

Muda na mfuko. Miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na za afya zimo, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako kabla hujasema nyumbani kwamba haiwezekani. Ada ni kipande tu cha gharama. Hesabu pia nauli ya kwenda na kurudi likizo, chumba, chakula, koti jeupe, na kipindi cha mafunzo kwa vitendo ambapo unaweza kupangiwa wilaya usiyo na ndugu hata mmoja.

Siku ya kazi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapojidanganya.

Siku ya kawaida inaanza na vifaa. Vilivyotumika vinasuguliwa, vinafungashwa, vinaingia kwenye mashine ya mvuke, nyuzi joto 121, angalau dakika 30 baada ya joto kufika. Ukirukaruka hapo unampelekea mtu mwingine homa ya ini. Kisha foleni, na nyingi ni za kung'oa. Unachoma ganzi, unasubiri, unagusa ufizi kuhakikisha, unashika koleo. Binti anayesema hataki kung'oa, namwambia ukweli: kwa tabibu meno wa mkoani kung'oa hakukwepeki. Lakini hata hofu yake haidumu. Jino halitoki kwa nguvu za mabega, linatoka kwa kulisukuma taratibu mpaka mfupa uliolishika upanuke, na wasichana wadogo wa umbo wanalifanya vizuri kabisa.

Halafu anakuja yule wa kusafishwa. Juzi alikaa kitini mzee mmoja wa Ujiji, mvuvi mstaafu, alisema meno ya chini yanacheza na asubuhi akiamka mate yana damu. Nikaweka kioo nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ugaga ulikuwa umeshikana jino kwa jino kama ukoko wa chungu, rangi ya kahawia, pale hasa ambapo mate hutokea chini ya ulimi na kuacha chumvi zake. Ukiingiza kikwanguo chini ya ukingo na kuvuta kwenda juu, kipande kinakatika na unakisikia kwenye vidole kabla hujakiona. Nilichukua karibu saa nzima. Nilipompa kioo akanyamaza, akapitisha ulimi, akasema, "Mwanangu, umenichimbia mapengo." Nikamweleza kwamba nafasi ile ilikuwepo siku nyingi, ufizi ulishashuka, ugaga ndio uliokuwa umeijaza. Kwamba siku chache maji baridi yatamchoma. Kwamba meno yanayocheza sana siwezi kumwahidi. Dakika kumi za maneno zilikuwa muhimu kama ile saa ya kikwanguo, kwa sababu asiyeelewa akitoka anasimulia mtaani kwamba kusafisha kunaharibu meno.

Na kuna kazi ya nje: shule za msingi, kliniki ya mama na mtoto, vijiji. Kliniki ndiko unakokutana na imani ya meno ya plastiki, mtoto mchanga anaharisha au ana homa, watu wanamchimbua ufizi kutoa vichipukizi vya meno ya utoto. Hiyo ni vita ya kuongea kwa upole na bibi wa mtoto, na hakuna koleo linalosaidia. Vijijini pia ipo mbinu ya kuziba jino bila mashine wala umeme: unakwangua uozo kwa vifaa vya mkono, unajaza simenti inayotoa floraidi. Mbinu hiyo ilianza hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi nyingine. Kwa vijiji vya mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, ambako boti ndiyo basi, mkoba wenye vifaa hivyo unafanya kazi ambayo kiti cha umeme hakiwezi kuifikia.

Ajira na kupanda. Vituo vya afya, hospitali za wilaya na mkoa, hospitali za misheni, kliniki za binafsi, mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu. Lazima utambuliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hujamgusa mgonjwa peke yako. Ajira ya serikali ina foleni yake, usiihesabu kama imeshapatikana. Kupanda kunawezekana: stashahada yenye alama nzuri inakubalika kuomba shahada ya udaktari wa meno, ila vyuo vikuu vinarudi kuangalia cheti chako cha kidato cha nne, hisabati, fizikia, kemia, biolojia na Kiingereza. Hapo ndipo F ya hisabati uliyoipuuza inakukamata.

Anayefaa. Mwenye mikono tulivu, anayependa kuongea na watu, ambaye nyumbani hawawezi kumbeba zaidi ya miaka mitatu, na anayekubali kupangiwa mbali.

DAKTARI WA MENO

Mlango. Kidato cha sita, mchepuo wa PCB, ufaulu wa fizikia, kemia na biolojia. Kiwango cha chini kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kisikupe usingizi, nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi, wanaoingia huwa juu ya hapo. Chuo kilichobeba mafunzo haya nchini kwa miaka mingi ni MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Upanga, Dar es Salaam. Mkoa jirani wa Tabora una Tabora Boys na Tabora Girls, na wengi wa kanda yetu wamepitia PCB huko.

Muda na mfuko. Miaka mitano ya chuo, na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini ndipo usajili kamili. Ukijumlisha kidato cha tano na sita, kutoka ulipo leo ni takriban miaka minane. Mkopo wa elimu ya juu upo kwa wanaokidhi vigezo. Utarajali una posho. Lakini mwaka wa kwanza na wa pili unasoma mwili mzima wa binadamu, na familia inayongoja usaidizi wako mapema inapaswa kuambiwa hivyo tangu mwanzo.

Siku ya kazi. Anasafisha na kung'oa kama mimi, kisha anaendelea pale ninapoishia. Jino la mwisho lililolala ndani ya mfupa, kutibu mzizi badala ya kung'oa, taya lililovunjika kwenye ajali ya bodaboda, uvimbe wa taya. Mimi nikikutana na hayo naandika rufaa. Mikoani anakuwa pia mkuu wa kitengo: takwimu, oda za vifaa, vikao. Anayependa kusafisha na kufundisha watoto ajue kwamba kadiri anavyopanda ndivyo kazi hiyo inavyohamia kwa wasaidizi wake.

Ajira na kupanda. Hospitali za wilaya kwenda juu, vyuo, kliniki yake mwenyewe. Anaweza kubobea: watoto, upasuaji wa kinywa na taya, kunyoosha meno kwa waya. Mshahara wake ni mkubwa kuliko wa tabibu, na kwa haki, kwa miaka aliyoiweka.

Anayefaa. Mwenye alama, mwenye subira ya vitabu, anayevutwa na matatizo magumu kuliko foleni ya kila siku.

FUNDI WA MAABARA YA MENO

Mlango. Nayo ni stashahada, na sayansi za kidato cha nne zinahitajika. Vyuo vinavyofundisha ni vichache mno, na ukiwa magharibi ya nchi jiandae kusafiri. Utaratibu wa NACTVET ni ule ule niliousema.

Muda na mfuko. Hautofautiani sana na wa tabibu meno.

Siku ya kazi. Mgonjwa humwoni, unaona mdomo wake kwa plasta. Daktari anakuletea chapa ya meno ya mgonjwa, unaimiminia plasta, unachonga nta, unapanga meno moja moja, unageuza kuwa bandia ya kuvaa na kuvua. Nimewahi kumwangalia fundi akipanga meno sita ya mbele ya mama mmoja kwa kufuata picha yake ya harusi, akilipindisha jino moja kidogo kwa sababu lilikuwa limepinda tangu ujana. Mama alipolivaa alilia. Kazi hii ni ya sanaa kuliko watu wanavyodhani. Vumbi la plasta na moshi wa akriliki vinataka barakoa na hewa ya kutosha, na wapo mafundi wa mitaani wanaogandisha meno moja kwa moja mdomoni mwa mtu, ufizi unaoza chini yake. Aliyesoma anajua kwa nini hilo ni kosa.

Ajira na kupanda. Maabara nyingi ziko miji mikubwa. Hapa ndipo njia hii inapokuwa nyembamba kwa anayetaka kuishi Kasulu au Kibondo.

Anayefaa. Mkimya, mwenye jicho la vipimo, asiyependa damu wala foleni.

KUSOMEA USAFI WA KINYWA NJE

Mlango. Hii ndiyo ya zile video. Marekani, mtaalamu wa usafi wa kinywa husoma kozi iliyoidhinishwa, kisha anafanya mtihani wa taifa na kuchukua leseni ya jimbo analofanyia kazi. Stashahada yetu ya tabibu meno haibadilishwi kuwa leseni hiyo, majimbo mengi yanataka uwe umesoma kozi waliyoidhinisha wao. Jirani zaidi ni Kenya: KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kina stashahada ya afya ya kinywa ya jamii, ya miaka mitatu, ambayo kwa roho yake iko karibu sana na anachokitaka binti wa Mwanga.

Muda na mfuko. Kozi ya Marekani yenyewe si ndefu, miaka miwili mpaka minne. Kizito ni ada ya mwanafunzi wa kigeni, viza na mtihani wa Kiingereza. Sijaona familia ya kipato cha kawaida ikiibeba bila mfadhili au ndugu aliye huko.

Siku ya kazi. Kusafisha, picha za eksirei, floraidi, kupima kina cha ufizi, ushauri. Kung'oa hakumo. Shingo na mgongo ndivyo vinavyochoka, kama vyetu.

Ajira na kupanda. Ukibaki huko, kada yako ipo na inatambulika. Ukirudi, cheti lazima kikatathminiwe na mamlaka za hapa, na cheo cha jina hilo hukikuti kwenye muundo wa ajira zetu. Uliza Baraza kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi.

Anayefaa. Mwenye mfadhili wa uhakika na nia ya kuishi huko miaka mingi.

UKIWA NA HALI HII

Umepata masomo yote ya sayansi kwa alama za kati na nyumbani wanakutegemea mapema: anza na tabibu meno. Weka alama zako za chuo juu tangu muhula wa kwanza, maana ndizo tiketi ya shahada baadaye.

Umepata alama za juu na umepangiwa PCB: nenda kidato cha tano. Usiache nafasi hiyo kwa kuogopa miaka, na usiende kwa kusukumwa na mjomba. Kama unasita, andika kozi mbili na ongea na mtu wa kila moja.

Una fizikia F: usimlipe anayekwambia "tutalimaliza ndani kwa ndani." Rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka mmoja unapita haraka kuliko ada iliyopotea.

Unapenda mikono na ukimya: tafuta maabara ya meno ukae siku mbili kabla hujajaza fomu. Fani hii wengi hawaijui, na wengi wangeipenda.

Ni muuguzi au tabibu wa kawaida na unataka kuhamia meno: hakuna daraja la moja kwa moja la kuingia kwenye kiti cha meno, unaanza stashahada yake. Wapo waliofanya hivyo wakiwa na umri wa miaka 30 na zaidi.

Njia yoyote kati ya zinazogusa mgonjwa: kamilisha chanjo ya homa ya ini B kabla ya mafunzo ya vitendo. Ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, kwa hiyo anza mapema kuliko unavyofikiri.

Binti wa Mwanga ana C ya biolojia, C ya kemia, D ya fizikia, B ya Kiswahili, na F ya hisabati. Mama yake aliuliza kwa sauti ya chini kama kweli mtoto wa kike ataweza koleo, nikamwonyesha mikono yangu, nami ni mwanamke mwembamba tu. Tumekubaliana ajaze tabibu meno, Mbeya chaguo la kwanza, na hisabati airudie kama mtahiniwa wa kujitegemea akiwa chuoni. Mganga mfawidhi ameruhusu, na Alhamisi atakuja kukaa kwenye kona ya chumba asubuhi nzima, wagonjwa wakikubali. Nimemwomba asiondoke wakati wa kung'oa.